Mbwa wangu alimaliza kichupa kizima: maoni yangu kuhusu vidonge vya arnika 30C

Natoa nyota mbili kati ya tano. Mimi mwenyewe nilivitumia vidonge hivi wiki mbili, vitatu asubuhi na vitatu jioni, kwa ajili ya goti. Mbwa wangu Bosi alivitumia dakika mbili hivi, kichupa kizima kwa mkupuo. Kwa hiyo haya ni maoni ya watumiaji wawili, na jaribio la maana alilifanya mwenzangu.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ni ya kukanyaga, na baada ya miaka kumi na tisa ya kukanyaga, goti la kulia limeanza kulalamika. Wifi yangu ana imani kubwa na homeopathi, ile tiba mbadala ya punje tamu na matone. Mafua, usingizi, woga wa mitihani wa wanawe, kila kitu ana kichupa chake. Aliniletea vichupa viwili vya arnika, dawa yao itokanayo na mmea wa jina hilo hilo, akavitoa kwenye boksi ili viingie vizuri mkobani, boksi likabaki kwake. Likumbukeni hilo boksi.

Kwa kukitazama tu, ni kitu kizuri. Kichupa ni cha plastiki, urefu wa kidole cha kati, na kifuniko chake ukikizungusha kinaangusha kidonge kimoja kimoja. Vidonge ni punje nyeupe za duara, sawasawa na vile vichwa vya pini zangu za kushikizia kitambaa. Kichupa kina punje 80 hivi, uzito wake wote gramu 4. Maelekezo ni usiviguse kwa mkono, uviweke chini ya ulimi viyeyuke vyenyewe, na usinywe kahawa karibu na muda wa dozi. Ladha ni tamu. Kusema kweli nilikuwa naisubiri dozi ya jioni kama mtoto anayesubiri peremende.

Na goti lilipoa, nisidanganye. Siku ya tano nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Nilimpigia wifi simu kumshukuru. Laiti ningeandika maoni haya siku ile, mngesoma nyota tano na alama tatu za mshangao.

Kichupa cha pili nilikifungua Jumamosi asubuhi, nikanywa vitatu, nikakiacha juu ya stuli pembeni ya mashine, mahali ninapoweka kila kitu: mkasi, miwani, chaki, dawa. Mteja akabisha hodi, amekuja kujaribu gauni. Nikatoka. Tuko kwenye mabega, mimi na pini zangu mdomoni, nikasikia *kra* kutoka chumba cha kazi. Bosi hula chakula chake kimyakimya. Akitoa sauti, ujue anakula mali ya mtu.

Nilimkuta chini ya cherehani, kichupa kati ya miguu ya mbele, kifuniko hakipo. Punje nne zilikuwa sakafuni, moja imenata kwenye uzi. Sabini na saba kutoa nne ni sabini na tatu. Kwa upande wa maelekezo namsifu, hakuvigusa kwa mkono.

Sasa hapa ndipo bidhaa hii inapoanza kupoteza nyota. Mtu mwenye mbwa aliyekula dawa huwa hana muda wa kusoma vitabu. Anageuza kichupa, anataka kujua mambo mawili: kuna nini humu, na kipo kiasi gani. Kichupa changu kiliandikwa Arnica montana, kikaandikwa 30C, kikaandikwa weka mbali na watoto. Basi. Kilatini, namba na onyo. Hayo mengine yote yalikuwa kwenye boksi.

Nikampigia daktari wa mifugo anayemtibu Bosi. Simu ilipokelewa mlio wa tatu, na kama kungekuwa na mahali pa kumpa daktari huyu nyota ningempa zote tano na kichupa juu yake.

"Daktari, mbwa amekula dawa ya binadamu. Sabini na tatu."

"Mama, tulia kwanza. Usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi wala kitu chochote ulichoambiwa na jirani. Ana kilo ngapi?"

Bosi ana kilo 9. Hilo la maji ya chumvi alilirudia mara mbili, nami nakiri mkono ulikuwa tayari umeshafika kwenye kopo la chumvi. Kumbe chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Unaweza kumwua kwa kumtibu kitu ambacho kisingemdhuru.

Akaniuliza jina la dawa, halafu namba iliyo mbele ya jina. Nikamwambia 30C. Akasema hiyo isiniumize kichwa, lakini nisizoee kusema "ni homeopathi tu". Kama ingekuwa 1X au 2X ya mmea wenye sumu, maana yake bado upo humo kwa kiasi cha kuhesabika, angetaka tuonane saa ile ile. Na kama ingekuwa ya matone, angeniuliza habari za pombe, kwa sababu dawa nyingi za matone za aina hiyo hutengenezwa kwa pombe, na mbwa mdogo hastahimili.

Kisha akauliza: "Ni sukari gani?"

Mimi sikujua kwamba sukari zina majina. Akanieleza haraka. Kuna kitamu kinaitwa zailitoli, hutiwa kwenye bazoka zisizo na sukari na baadhi ya dawa za kutafuna. Binadamu hakimsumbui. Mbwa kinamshusha sukari ya damu ndani ya nusu saa au saa moja, na kikizidi kinamharibu ini. Kwa mbwa wa kilo 9, gramu moja inatosha kuwa dharura. Bosi alikuwa na gramu tatu na nusu tumboni na mimi sikuwa na habari ni gramu tatu na nusu za nini.

Nikamweka daktari pembeni, nikampigia wifi.

"Wifi, lile boksi la arnika bado unalo? Nisomee nyuma, viungo."

"Kwani umezidisha?"

"Si mimi. Ni Bosi."

"Bosi naye ana goti?"

Alisoma taratibu, herufi moja moja, miwani yake sijui aliiacha wapi. Sukrosi. Laktosi. Hakuna kingine. Nikarudi kwa daktari, akashusha pumzi nikamsikia. Laktosi ni sukari ya maziwa, alisema, na mbwa wengi wazima haiwakai vizuri, kwa hiyo nitarajie tumbo kuendesha mara moja au mbili. Nimwekee maji mengi.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza: "Na pale alipokichukua, palikuwa na nini kingine?"

Nikaangalia stuli. Mkasi, miwani, chaki. Na pakiti ya ibuprofeni, dawa ya maumivu.

Wifi yangu asisome aya hii. Wiki zote mbili nilizokuwa nanywa arnika, siku za kazi nyingi nilikuwa najisaidia na ibuprofeni. Sikumwambia yeye, na kwa namna fulani hata mimi sikuwa nimejiambia. Ilikuwa ni "kidogo tu, arnika ianze kushika". Daktari akasema, kwa sauti iliyobadilika kabisa, nihesabu vilivyobaki na nilivyokula. Pakiti ya kumi. Mashimo matatu yametobolewa. Mimi nakumbuka nimekunywa viwili.

Kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 9 kinatosha kumletea vidonda tumboni, na vikiongezeka figo nazo huingia matatani. Daktari aliniambia nina dakika kumi za kukitafuta, nisipokiona nimlete. Nilimwaga kapu la vipande vya vitambaa. Nililala kifudifudi kwa goti lile lile bovu nikamulika chini ya kabati. Mteja wangu, Mungu ambariki, alitambaa sakafuni na gauni lenye pini begani. Bosi alidhani ni mchezo, akatambaa nasi.

Kilikuwa mfukoni mwangu, kwenye aproni, kimepakwa chaki ya bluu. Nilikitoboa asubuhi nikakiweka cha mchana.

Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi, lakini nilichokuwa nakiona mbele yangu si cha kuchekesha. Juu ya stuli moja palikuwa na vitu viwili vinavyoitwa dawa. Kimoja mbwa amekula 73 na daktari anazungumzia kuhara. Kingine, kimoja tu, na daktari anashika funguo za gari. Na mimi kwa wiki mbili sifa zote za goti nilikuwa nampa yule wa kwanza.

Jioni wifi alikuja kumjulia hali mgonjwa, aliyekuwa amelala chali akikunwa tumbo. Akasema hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Homeopathi haina madhara, na isitoshe, ukimeza punje tatu au ukimeza kichupa kizima kwa pamoja, inahesabika dozi moja. Hivyo ndivyo wenye fani yao wanavyofundisha, na ni kweli wanafundisha hivyo.

"Kama tatu na sabini ni sawa," nikamwuliza, "mbona mimi nahesabu?"

Akaniambia nisiwe mbishi.

Kesho yake nilijaribu mwenyewe kuelewa hiyo 30C, maana siwezi kuandika maoni ya kitu nisichokijua. C ni mia ya Kirumi. Unachukua tone moja la maji ya mmea, unalitia kwenye matone 99 ya maji au pombe, unatikisa kwa nguvu. Hiyo ni 1C. Unachukua tone moja la hiyo, unalitia kwenye matone mengine 99. Hiyo ni 2C. Unaendelea hivyo mara 30, halafu kimiminika cha mwisho kinanyunyiziwa kwenye punje za sukari na kukaushwa. Aliyeanzisha haya ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755, na kanuni yake aliitangaza mwaka 1796. Aliamini kwamba kadiri unavyopunguza na kutikisa ndivyo dawa inavyopata nguvu, kwa hiyo 30C kwao ni kali kuliko 6C. Enzi zile matibabu ya kawaida yalikuwa kumtoa mtu damu na kumpa zebaki, kwa hiyo namwelewa mgonjwa aliyekimbilia kwenye maji.

Mimi nina rangi za vitambaa. Nikachukua ile bluu kali, ambayo ikikudondokea kidoleni unaibeba wiki nzima. Kijiko kimoja cha chai ni kama matone mia, nikapanga vikombe vyeupe na dropa ya zamani ya dawa ya macho. Kikombe cha kwanza kilikuwa bluu kabisa, bluu ya sare za shule. Cha pili kilikuwa kama maji yaliyosuuza brashi. Cha tatu nilikipeleka dirishani, nikafumba jicho moja, nikasema labda. Cha nne kilikuwa maji. Nikakaa nikakitazama kile cha nne. Bado hatua 26. Wanakemia wanasema ukivuka ya 12 hivi huna tena sababu ya kutarajia hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Kwa 30C, hata dunia nzima ingekuwa maji matupu isingetosha kukupatia moja. Bosi alikunywa kikombe cha nne. Hajambo.

Nimegundua pia kwamba jaribio lake halikuwa la kwanza. Tarehe 30 Januari 2010 mamia ya watu huko Uingereza walisimama hadharani wakameza vichupa vizima vya vidonge vya homeopathi, kuonyesha kwamba hakitatokea kitu. Hakikutokea. Tofauti ni kwamba wao walifungua vifuniko kwa mikono.

Lakini msinielewe vibaya mkaviacha ovyo. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi waache kuwapa watoto vidonge vya homeopathi vya kuota meno, na mwanzoni mwa 2017 ikatangaza vipimo vya maabara: vingine vilikutwa na beladona, mmea wenye sumu kali, kwa kiasi kisicholingana, mara nyingine kuzidi sana kile kilichoandikwa kwenye lebo. Yaani lebo ilisema karibu hakuna, na ndani kulikuwa nacho. Ndiyo maana daktari wangu aliuliza namba kabla ya kusema lolote, na ndiyo maana nakasirishwa na kichupa kisichojieleza. Bidhaa yenye utaratibu wa kumwambia mteja asiiguse kwa mkono imekosa nafasi ya kuandika neno "laktosi"?

Sasa kifuniko. Kwa binadamu ni kifuniko safi, nimeshakisifu. Kwa meno ya mbwa ni biskuti. Kwa kweli hiki ndicho kitu pekee kwenye bidhaa nzima kilichomtia daktari wasiwasi baada ya habari za sukari kuisha, kwa sababu plastiki yenye ncha inaweza kukwama au kukwaruza utumbo. Nilipewa kazi ya siku tatu: niangalie kama anatapika, kama anakataa chakula, kama tumbo limekuwa gumu, kama anajikamua bila kutoa kitu. Nusu ya kifuniko niliipata chini ya pedali. Nusu ya pili ilirejea Jumapili jioni kwa njia yake, na mimi, mtu mzima na glavu zangu, nikaziunganisha zile nusu mbili juu ya gazeti kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Zilikaa sawasawa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuunganisha kitu, na kazi yangu ni kuunganisha vitu.

Kuhara alihara mara moja, usiku wa Jumamosi, kwenye kitambaa cha satini cha mtu mwingine. Hiyo ni hadithi nyingine na mteja mwingine.

Kuhusu goti. Nimeacha arnika. Nimeenda kwa daktari wa watu, ameniambia nipunguze saa za pedali, ninyanyue kiti, nifanye mazoezi ya paja, na ibuprofeni nisiinywe kila siku kama karanga kwa sababu hata mimi nina tumbo na figo. Nimenyanyua kiti kwa magazeti mawili na mto. Goti linaendelea vizuri, takriban kama lilivyokuwa likiendelea nilipokuwa nanywa punje.

Nyota mbili basi zinatoka wapi? Moja ni kwa sababu Bosi yuko hai, na bidhaa ambayo mbwa wa kilo 9 anaweza kuimaliza akaomba nyingine inastahili kitu. Ya pili ni ya ladha, tumekubaliana wote wawili. Ningeongeza ya tatu kama viungo vingeandikwa kwenye kichupa chenyewe badala ya boksi ambalo kila mtu hulitupa. Ukinunua, boksi lihifadhi. Ukiwa na mbwa, piga picha ya lebo zote za dawa zilizomo nyumbani, za kweli na za maji, ziwe kwenye simu kabla hujazihitaji.

Wifi ameniletea kichupa cha tatu, "cha kuanza upya kwa imani". Kimo kwenye kopo la bati juu ya kabati, pamoja na ibuprofeni, na stuli sasa ina mkasi na miwani peke yake. Bosi hana dalili yoyote iliyobaki, ila moja. Zile punje zilikuwa zinagongagonga ndani ya kichupa alipokuwa akikibingirisha, na sauti ile imemkaa. Vifungo vyangu viko kwenye mkebe. Nikiutikisa tu kutafuta cha shati, anatoka chini ya cherehani mbio, anakaa mbele yangu wima, ulimi nje, anasubiri dozi.